Mnara wa Speke, Jinja: Msafiri wa Kisumu na chimbuko la Mto Nile

MSAFIRI atokaye Kisumu kwenda Jinja, nchini Uganda, kuliona chimbuko la Mto Nile, huvuka chimbuko hilo mara mbili kabla hajafika mpakani. Mara ya kwanza ni pale basi linapopita daraja la mto Yala. Mara ya pili ni anapouvuka mto Nzoia kabla ya kufika Bumala. Wakati huo abiria wengi huwa wanasinzia au wanazungumza. Ni nadra kumpata mmoja anayechungulia dirishani na kujiambia kwamba maji yale yenye rangi ya udongo yanaelekea huko huko aendako yeye.

Hata hivyo, hivyo ndivyo mambo yalivyo. Mito ya Yala na Nzoia humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe na Waganda huliita Nalubaale. Ziwa hilo lina mito mingi iingiayo, lakini mto utokao ni mmoja tu, nao ni Nile, na mlango wake uko Jinja. Kila tone la Nyando, la Sondu-Miriu, la Yala au la Nzoia ambalo halikugeuka mvuke juani halina njia nyingine ya kuondoka ziwani.

Makala haya yanakusudia kumwongoza msomaji wa Kisumu na vitongoji vyake anayepanga kwenda Jinja, ama kwa mapumziko, ama kwa kuwapeleka wanafunzi ziara. Yanaeleza mnara ulioko huko ni wa nani, unasema nini, unanyamazia nini, na kwa nini jambo linalotendeka karibu na mnara huo huwafikia wakazi wa Dunga na Nyakach hata kama hawajawahi kuvuka mpaka.

MTU ALIYEWEKEWA MNARA

Mnara unaotembelewa Jinja umesimama ukingo wa magharibi wa Nile, upande wa Njeru, ng'ambo ya mji wenyewe. Ni ukumbusho wa Mwingereza John Hanning Speke, mwanajeshi aliyekuwa akitumikia India, ambaye alifika mahali hapo tarehe 28 Julai 1862 na kuyaona maji ya ziwa yakimwagika juu ya miamba na kuanza safari yake ya kaskazini.

Hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kuliona ziwa. Mnamo 1857, Speke na mwenzake Richard Burton walikuwa wameondoka pwani ya mkabala na Zanzibar wakielekea bara. Walifika Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa 1858. Waliporejea Tabora, ambayo wakati huo iliitwa Kazeh, Burton alikuwa mgonjwa. Speke alikwenda kaskazini bila yeye, na mwanzoni mwa Agosti 1858 akasimama karibu na Mwanza na kulitazama ziwa kubwa asiloweza kuona mwisho wake. Papo hapo aliamini kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia, akalipa ziwa jina la malkia wake.

Burton hakukubali. Alidai kwamba mwenzake hakuwa na ushahidi wowote zaidi ya kuona maji mengi. Ndiyo sababu Speke alirudi mwaka 1860, safari hii pamoja na James Augustus Grant, akazunguka upande wa magharibi wa ziwa hadi kwa Kabaka Muteesa wa Kwanza, ambako alifika Februari 1862. Aliishi katika himaya ya Kabaka kwa miezi kadhaa akisubiri ruhusa ya kuendelea. Alipoipata, alielekezwa mtoni na watu waliozijua njia. Grant, aliyekuwa ameugua mguu, hakuwa naye siku alipoyaona maporomoko.

Mjadala haukuishia hapo. Ilipangwa kwamba Speke na Burton wajibizane hadharani katika mji wa Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla ya mkutano huo, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Ni mwaka 1875 tu ambapo Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja, na kwamba mlango wake ni ule ule wa Jinja. Mkenya aliyeko London anaweza pia kuuona mnara mwingine wa Speke, wa jiwe jekundu, katika bustani za Kensington. Maandishi yake ni machache mno: yanalitaja ziwa, yanautaja Nile, na mwaka 1864. Ulijengwa wakati mabishano yakingali moto.

WASIOANDIKWA JIWENI

Msafiri akisimama mbele ya mnara wa Jinja, ni vyema ajiulize ni nani waliomfikisha Speke pale. Hakuna Mzungu wa enzi hiyo aliyefika maziwa makuu peke yake. Misafara yao ilikuwa ya makumi ya wapagazi, askari na wakalimani kutoka Zanzibar na pwani, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Anayejulikana zaidi miongoni mwao ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika jamii ya Wayao, akatekwa angali mtoto, akauzwa utumwani na kupelekwa India. Huko alijifunza Kihindustani, na baada ya kuwa huru alirejea Zanzibar. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, naye Bombay akawaeleza wenzake kwa Kiswahili. Bombay alikuwapo Mwanza mwaka 1858, akasafiri tena na Speke mwaka 1860, kisha akafuatana na Stanley na baadaye Cameron aliyelivuka bara kutoka mashariki hadi magharibi. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimtunukia nishani ya fedha. Alifariki mwaka 1885.

Aidha, mahali penyewe palikuwa na jina. Wasoga waliuita mto huo Kiyira. Maporomoko yalijulikana kwa mawe yake, na neno la jiwe ndilo lililozaa jina la Jinja. Speke aliyaita maporomoko hayo Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja mkubwa aliyekuwa rais wa chama hicho cha jiografia. Waliokuwa wakivua samaki pale asubuhi ile ya Julai hawakuwa na habari kwamba mto wao ulikuwa unagunduliwa.

Ni muhimu kulisema hili kwa sababu mtoto wa shule ya msingi akiambiwa tu kwamba Speke aligundua chimbuko la Nile, hutoka pale akiamini kwamba babu zake waliishi kando ya ziwa wasijue maji yao huenda wapi. Neno lililo sahihi zaidi ni kwamba Speke aliwapelekea watu wa Ulaya habari za mahali walipokuwa wakipatafuta tangu kale, na akasadifu kuwa na haki katika jambo ambalo hakuwa bado ameweza kulithibitisha.

MAPOROMOKO YALIYOZAMA

Wageni wengi hushangaa wasipoyaona maporomoko. Hudhani kwamba wamepotea njia. Hawajapotea. Kilomita chache chini ya mnara, serikali ya kikoloni ilijenga bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua rasmi Aprili 1954. Maji yalipopanda nyuma ya ukuta wa bwawa, miamba ya Ripon ilifunikwa. Bwawa hilo sasa huitwa Nalubaale, na kando yake kuna kituo cha pili cha umeme kiitwacho Kiira.

Kwa hiyo, mnara wa Speke unaashiria jambo ambalo haliwezi tena kuonekana. Anachokiona mgeni leo ni mto mpana wenye nguvu, ndege wa majini, na mashua zinazowapeleka watalii hadi mahali ambapo maji huonekana yakichemka kutoka chini. Waongozaji hupenda kueleza kwamba maji hayo huchukua takriban miezi mitatu kufika Bahari ya Mediterania, mwendo wa zaidi ya kilomita 6,000.

Ukingo wa mashariki, upande wa mji, kuna bustani yenye ukumbusho mwingine. Baada ya Mahatma Gandhi kuuawa Januari 1948, sehemu ya majivu yake ilimwagwa katika Nile hapo Jinja, kama ilivyofanywa katika mito mingine ya dunia. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India wa wakati huo, Inder Kumar Gujral. Kwa wakazi wa Kisumu wenye asili ya Kihindi, ambao wazee wao walifuata reli hadi ziwani, huu ndio ukumbusho unaowavuta zaidi.

BWAWA LA JINJA NA UFUO WA KISUMU

Msomaji anaweza kuuliza: bwawa lililo Uganda linamhusu nini mvuvi wa Dunga? Linamhusu sana. Kwa kuwa mlango wa ziwa ni mmoja, yeyote aushikaye mlango huo anashika, kwa kiasi fulani, kimo cha maji katika fuo zote za nchi tatu.

Wajenzi wa bwawa walilijua jambo hili. Waliweka kanuni kwamba maji yatakayoachiliwa yalingane na yale ambayo yangepita kwenye maporomoko ya Ripon kama bwawa lisingekuwapo: ziwa likijaa, maji mengi yaachiliwe, likipungua, machache. Wakati ule Misri, ambayo uhai wake hutegemea Nile, ilipata hata haki ya kumweka mhandisi wake Jinja ili ashuhudie vipimo.

Kanuni hiyo ilitiliwa shaka kati ya 2004 na 2006. Kimo cha ziwa kilishuka kwa zaidi ya mita moja, fuo zikarudi nyuma, na mashua zikakaa matopeni. Ukame ulikuwa sababu mojawapo. Wataalamu wa maji walieleza kwamba sababu nyingine ilikuwa maji yaliyoachiliwa Jinja kupita kiasi cha kanuni ili kuzalisha umeme katika vituo viwili badala ya kimoja.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kulilaumu bwawa kwa kila jambo. Mvua kubwa za 1961 hadi 1964 zililiinua ziwa kwa zaidi ya mita mbili. Mei 2020 maji yalirejea katika kimo cha 1964, yakafurika makazi ya Dunga, Nyando, Nyakach na Budalang'i, na familia nyingi zikahama. Hakuna ukuta uliojengwa Jinja ambao ungeweza kuyameza maji yote hayo kwa haraka. Lakini anayesimama juu ya ukingo wa Njeru na kuona jinsi mlango ulivyo mwembamba, akalinganisha na upana wa ziwa la takriban kilomita mraba 68,800, ataelewa kwa nini maji yakiingia kwa wingi hukaa muda mrefu kabla ya kupungua.

CHIMBUKO NI LIPI HASA?

Swali hili halina jibu moja, na mwongozaji mkweli atakiri hivyo. Ikiwa chimbuko ni mahali mto unapopata jina lake na kuanza kutiririka, basi ni Jinja. Ikiwa ni kijito kilicho mbali zaidi na bahari, basi ni katika milima ya Burundi na Rwanda, ambako mto Kagera huanzia. Huko Rutovu, kusini mwa Burundi, Mjerumani Burkhart Waldecker alijenga piramidi ndogo katika miaka ya 1930 kuashiria chemchemi aliyoamini kuwa ya kusini kabisa. Hivyo Nile ina minara miwili inayoshindana.

Ikiwa chimbuko ni mahali yanapotoka maji mengi yaifikiayo Misri, basi jibu halipo katika ziwa letu hata kidogo. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka nyanda za juu za Ethiopia na hujiunga na tawi letu mjini Khartoum.

Na ikiwa swali ni yatokako maji ya ziwa, basi jibu ni mawingu. Inakadiriwa kwamba takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Yaliyosalia huletwa na mito, na hapa ndipo Kenya inapopata fahari yake. Nchi hii inamiliki takriban asilimia 6 tu ya eneo la ziwa, lakini mito yake ni miongoni mwa iletayo maji mengi: Nzoia kutoka Mlima Elgon na Cherangani, Yala na Nyando kutoka nyanda za Nandi, Sondu-Miriu na Mara kutoka msitu wa Mau, na Gucha-Migori kutoka Kisii. Akataye mti Mau anaugusa mto Nile, ajue asijue.

Kwa muda mrefu sheria haikulitambua hilo. Mkataba wa 1929 kati ya Uingereza na Misri ulizuia kazi yoyote katika Nile na maziwa yake ambayo ingepunguza maji ya Misri bila idhini ya nchi hiyo, na Waingereza walitia saini kwa niaba ya makoloni yao. Mkataba mpya wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile ulianza kutiwa saini Mei 2010, Kenya ikiwamo. Ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024 baada ya nchi sita kuuidhinisha: Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Kenya haikuwa miongoni mwa hizo sita. Inafaa msomaji akumbuke pia kwamba Tume ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina makao yake Kisumu.

JINSI YA KUFIKA

Kutoka Kisumu hadi Busia ni takriban kilomita 110 kupitia Maseno, Luanda, Yala, Ugunja na Bumala. Kutoka Busia hadi Jinja ni kilomita zipatazo 120 kupitia Bugiri na Iganga. Anayeondoka alfajiri hufika mchana, lakini si busara kupanga kwenda na kurudi siku moja. Foleni za malori mpakani hazitabiriki.

Tangu Januari 2014 raia wa Kenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha kitaifa. Mwenye pasipoti na aibebe. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi, kwani huweza kuulizwa. Mwalimu anayesafiri na wanafunzi aulize mapema katika ofisi ya uhamiaji hati zinazohitajika kwa watoto. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, huwawezesha wasafiri kukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja.

Fedha zibadilishwe katika benki au maduka rasmi, si kwa watu wanaozunguka na mabunda mikononi. Mjini Busia ndiko kulikozaliwa boda boda, baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kati ya vituo viwili vya mpakani. Leo ni pikipiki, nazo zina manufaa Jinja pia, mradi mpatane nauli kabla ya kupanda.

Ili kuufikia mnara wa Speke ni lazima kuvuka hadi ukingo wa magharibi. Daraja jipya la Nile, lenye urefu wa mita 525 na kuning'inizwa kwa nyaya, lilifunguliwa Oktoba 2018. Kabla yake magari yote yalipita juu ya bwawa la 1954. Daraja na bwawa hulindwa na askari, hivyo uliza kabla ya kutoa kamera. Bustani ya upande wa mji ina lango lake, na mashua hukodishwa hapo. Uliza viingilio vya raia wa Afrika Mashariki, na usipande mashua bila kuvaa jaketi la kuokolea maisha.

Kiswahili kitamfaa msafiri. Kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya katiba ya 2005, ingawa sokoni atasikia zaidi Lusoga na Luganda. Na atakapoketi kula, Mjaluo hatahitaji mkalimani: samaki anayemwita ngege nyumbani huitwa engege ng'ambo.

KABLA YA KUVUKA MPAKA

Kuna jambo la mwisho la kukumbuka kuhusu mpaka huo. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901 na kituo kikaitwa Port Florence, Kisumu ilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya ya leo Aprili 1902 kwa amri iliyoandikwa mbali na hapa. Kama karatasi hiyo isingeandikwa, ziara ya Jinja isingekuwa safari ya ng'ambo.

Ndiyo maana ushauri wa makala haya kwa mwalimu au mzazi ni mwepesi. Siku moja kabla ya safari, wapeleke watoto Dunga jioni, wayatazame maji na wawaulize wavuvi kina chake mwaka huu kikilinganishwa na mwaka jana. Kesho yake, basi likifika Yala, mwombe dereva apunguze mwendo darajani. Mkifika Jinja, someni jina la Speke na tarehe yake, kisha mumwulize mwongozaji mahali hapo paliitwaje kabla ya siku hiyo. Akijibu Kiyira, mmepata mwongozaji mzuri. Asipojua, watoto wamweleze.